Majina Tisa ya Juu

Pale shirikani walimwita Kufuli, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Shirika liliwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo majumbani mwao, na kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu: nani ametoka wapi, amehamishiwa wapi, apigiwe simu gani. Mpishi alidai kwamba Kufuli hufunga hata sufuria isiyo na kitu. Dereva, ambaye naye walimwita Taratibu kwa sababu aliendesha gari kama amepakia mayai, alisema siku Kufuli akifika mbinguni atamdai malaika kitambulisho kwanza.

Sheria zake zilikuwa nyingi. Mfanyakazi haruhusiwi kuweka namba ya mwanamke yeyote kwenye simu yake. Fomu ya karatasi ikishaingizwa kwenye kompyuta inachomwa siku hiyo hiyo. Na kila Ijumaa, saa tisa alasiri, yeye mwenyewe alichomeka diski ndogo nyeusi kwenye kompyuta kuu, akanakili mafaili yote, akaichomoa na kuifungia kwenye kabati la chuma.

"Mwizi wa mtandaoni haibi kitu kisichoshikana na waya," aliwaambia wenzake mpaka wakachoka kumsikia.

Diski ya pili ilikaa nyumbani kwa mkurugenzi, na kila miezi miwili walibadilishana. Ubavuni mwa kabati alibandika bahasha yenye karatasi tatu: siku ya balaa nani achomoe nini, nani ampigie nani, nani asiguse kitu. Bahasha ilikuwa imeanza kushika vumbi.

Balaa lilikuja Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, chai ikiwa bado inamiminwa. Mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wanawake wanapofika, alichungulia mlangoni kwa Kufuli.

"Dada, hebu njoo. Kompyuta yangu inasema maneno ya ajabu."

Skrini ilikuwa nyeusi, herufi nyeupe. Ujumbe ulikuwa mfupi na wenye adabu kuliko barua nyingi za kiofisi. *Habari za asubuhi. Mafaili yenu yote yamefungwa. Nakala tunayo sisi na tumesoma majina. Mna siku tatu.* Chini yake kiasi cha fedha na maelekezo ya kuituma.

Kufuli alisoma mara mbili. Neno lililomkata maini halikuwa "yamefungwa". Lilikuwa "tumesoma".

"Chomoeni nyaya za mtandao!" alipiga kelele huku akikimbia kwenye korido. "Zote! Msizime kitu, chomoeni tu!"

Alirudi chumbani kwake, akainama chini ya meza ya kompyuta kuu. Pale pembeni, imechomekwa kwenye waya wake, diski nyeusi ilikuwa ikipepesa kitaa cha kijani.

Wiki tano nyuma mama yake mzazi alianza matibabu ya moyo, na daktari alimpangia miadi ya kila Ijumaa alasiri. Ijumaa ya kwanza Kufuli aliiacha diski ijinakili yenyewe ili amuwahi mama kituo cha basi, akaja kuichomoa Jumatatu. Ya pili akasahau mpaka Jumatano. Baada ya hapo alijiambia haina neno, kwani nani atajua? Hakuichomoa tena.

Aliivuta sasa, akaishika mkononi. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa. Alihesabu hatua mpaka kwenye kabati: nne. Angeweza kuifungia, akasema hajui imekuwaje. Aliwaza hivyo kabisa, wala hakuificha nafsi yake baadaye kwamba aliwaza hivyo.

Mkurugenzi aliingia, mwanamke mnene aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, pumzi juu juu.

"Nakala si unayo?"

"Ninayo, mama."

"Afadhali."

"Nayo imefungwa na wezi." Sauti ilitoka kama si yake. "Niliiacha kwenye waya. Wiki kadhaa sasa. Ni mimi, mama."

Mkurugenzi alivua miwani, akaivaa tena. 

"Utalia Jumamosi," alisema. "Leo fungua hiyo bahasha yako."

Wakaifungua, na ilisaidia. Kila mtu alikuta jina la kazi yake na cha kufanya. Mshauri akatoa taarifa polisi. Taratibu akatumwa nyumbani kwa mkurugenzi kuleta diski ya pili kutoka kabati la nguo. Fundi wa mitandao akapigiwa simu, akafika kabla ya saa nne, mtu mzima mpole, shati limechomekewa upande mmoja.

"Msilipe kwa haraka," alisema baada ya kupitia kila mashine. "Mkilipa, pengine watawapa ufunguo wa mafaili. Lakini walichokisoma wamekisoma. Hamwezi kumlipa mtu akasahau."

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza mkurugenzi.

"Fanyeni kama nyumba zote zimeshajulikana."

Hapo ndipo Kufuli alipoona kosa lake kubwa zaidi. Miaka sita alikuwa akiwaza kuhusu kupoteza mafaili. Mpango wake wote ulikuwa wa kuyarudisha. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja juu ya waume arobaini na kitu ambao siku moja wangeamka, wakafungua simu zao, na kuona mlango wa kugonga.

Diski ya pili ilikuwa nzima. Waliifungua kwenye kompyuta ya kuazima ambayo haijawahi kuguswa na mtandao wa ofisi. Ilikuwa ya wiki saba zilizopita: wanawake thelathini na wanne, anwani na namba. Walipiga simu kutwa nzima wakipokezana, na maneno yalikuwa yale yale. "Usiulize mengi, mdogo wangu. Beba watoto na nyaraka zako. Gari linakuja." Wengine walilia. Mmoja alicheka, kicheko kibaya, akasema, "Nilijua. Nilijua tu." Mmoja hakupatikana kabisa, simu yake ilisema namba haitumiki.

Lakini ndani ya zile wiki saba walikuwa wamefika wengine tisa. Fomu zao zilichomwa, kama sheria ilivyotaka. Simu za wafanyakazi hazikuwa na namba zao, kama sheria ilivyotaka. Kufuli alikuwa amefunga milango yote vizuri sana, akabaki nje mwenyewe.

Jumanne asubuhi walikutana jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kila mwanamke aliyefika alikopita. Waliwatafuta wale tisa kichwani.

"Kuna yule wa mapacha," alisema mpishi. "Yule aliyekuwa hali kitunguu."

"Nilimpeleka kwa binamu yake," alidakia Taratibu, "nyumba ina geti la bluu, karibu na kisima. Na yule mwalimu nilimshusha penye kinyozi."

Kufuli aliandika kwa penseli. Mtu mmoja alikuwa na kovu, mwingine na wimbo, mwingine na jina la shule ya mtoto wake. Mpaka jua linazama Taratibu alikuwa amewafikia wanane na kuwahamisha. Aliyebaki alikuwa mshonaji. Mwanamke mwembamba, mkimya, aliyekuja na cherehani yake imefungwa ndani ya shuka. Siku ya kuondoka alikataa kupelekwa hadi mlangoni. Alimwambia Taratibu amshushe kituoni, mengine atajua mwenyewe. Anwani alimpa Kufuli peke yake, wiki iliyofuata, na Kufuli aliichapa kwa vidole vyake kumi. Sasa alifumba macho, akaviweka vidole juu ya meza, akajaribu kuvikumbusha. Havikukumbuka.

Alilala akiota anachapa.

Jumatano saa tatu asubuhi fundi wa mitandao alipiga simu.

"Wameanza. Wametoa ukurasa mmoja hadharani, kama sampuli, ili mjue hawatanii. Watu wameshaanza kutumiana kwenye simu."

"Ukurasa upi?"

"Wa kwanza."

Kufuli alikaa chini, sakafuni, pale pale aliposimama. Yeye ndiye aliyelipanga faili lile. Wapya hukaa juu. Majina tisa ya juu yalikuwa ya wale tisa.

"Nisomee wa nne kutoka juu," alisema. "Au wa tano. Mshonaji."

Fundi alisoma. Jengo la ghorofa nne nyuma ya mashine ya kusaga, mtaa wa karakana, ghorofa ya tatu. Namba ya mlango: haikutajwa. Kisha namba ya simu.

Basi wezi ndio waliompa anwani. Na kama yeye ameipata, ameipata na kila mwenye simu.

Alipiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena wakiwa garini, akapiga tena, akapiga tena. "Endesha, mzee wangu, endesha!" alimwambia Taratibu.

"Naendesha," alijibu Taratibu bila kubadilisha mwendo. "Tukigonga mtu njiani, nani atamfikia?"

Mashine ya kusaga ilisikika kabla hawajaiona. Ilinguruma mtaa mzima ukatetemeka, na wapakiaji waliobeba magunia walikuwa weupe kwa unga mpaka kwenye kope. Ndiyo maana simu haikupokelewa. Pale mtu asingesikia hata jina lake. Taratibu alibaki na gari. Kufuli aliingia, akapanda ngazi mbili mbili.

Kwenye kona ya ghorofa ya pili alimkuta mwanamume amesimama. Shati limepigwa pasi. Viatu vinang'aa. Mkononi ana mfuko wa machungwa.

"Samahani, dada yangu." Ilibidi asogee karibu ili asikike. "Unakaa hapa?"

"Hapana, kaka. Mgeni tu."

"Namtafuta mke wangu. Hayuko sawa, unajua, akili zinamruka kidogo. Familia nzima hatulali. Ni mshonaji." Alitabasamu kwa huzuni, na Kufuli akajikuta karibu amwonee huruma. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Nimeambiwa ghorofa ya tatu. Mlango ndio sijui."

"Pole sana. Mimi namtembelea shangazi yangu."

"Ghorofa ya ngapi?"

Angesema ya nne. Ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Ya tatu."

"Basi twende wote," alisema yule bwana. "Pengine shangazi anamjua."

Walipanda pamoja. Kufuli alimsikia nyuma yake, machungwa yakigongana taratibu ndani ya mfuko. Ghorofa ya tatu ilikuwa na korido fupi na milango minne, yote ya rangi moja. Alitazama chini, kama mtu anayeangalia asijikwae. Mbele ya mlango wa pili, kwenye saruji, kulikuwa na vipande vya uzi mwekundu, vifupi vifupi, kama vinavyoganda kwenye nguo za mafundi cherehani na kudondoka wanapotoka.

Hakusimama. Aliupita, akagonga mlango wa tatu.

Mlango ulikaa kimya. Mwanamume alisimama hatua mbili nyuma yake akisubiri. Kufuli aligonga tena, na safari hii ukafunguliwa na bibi mmoja mfupi, mikono imejaa povu la sabuni. Hawakuwahi kuonana maishani.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kufuli. "Nisamehe, nimechelewa."

Bibi alimtazama usoni. Kisha alimtazama mwanamume, akamshusha macho mpaka kwenye viatu, akampandisha.

"Marahaba," alisema. "Wewe kila siku unachelewa. Ingia, maji yamepoa."

"Mama, samahani," alianza mwanamume, "kuna fundi cherehani—"

"Mimi masikio yangu yameliwa na hiyo mashine, baba. Sikusikii." Na bibi akafunga mlango.

Ndani, Kufuli aliegemea ukuta. 

"Ni mume wa jirani yangu?" aliuliza bibi kwa sauti ya chini.

Kufuli aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa na dada," alisema bibi, na hakuongeza neno juu ya hilo. Alifuta mikono kwenye kanga. "Kibaraza cha nyuma. Kuna ukuta mfupi kati yangu na yeye. Unaweza kuruka?"

Kufuli alimpigia Taratibu kwanza. "Yuko hapa," alisema tu. "Ghorofa ya tatu. Usije peke yako."

Ukuta wa kibaraza ulimfika kifuani. Bibi alimsogezea ndoo, akaigeuza. Kufuli alipandisha goti moja, sketi ikachanika, akaona chini: ua, mapipa, mtu mdogo mweupe kwa unga akinywa maji. Alikuwa amekaa juu ya ukuta, mguu huku na mguu huku, ndipo mashine ya kusaga iliponyamaza.

Huenda walikuwa wanabadilisha mkanda. Huenda umeme ulikatika. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka kikamuuma masikioni, na ndani ya kimya kile, wazi kabisa, nyuma ya dirisha lililo mbele yake, cherehani iliendelea. *Trrr. Trrr-trrr.* Ikapumzika. *Trrr.*

Upande wa pili wa nyumba mtu aligonga mlango. Mara tatu, kwa adabu.

Kufuli alijiangusha ndani ya kibaraza. Mshonaji alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, mguu bado juu ya kanyagio, kitambaa chekundu mapajani, ameanza kuinuka kama mtu anayekwenda kumfungulia mteja.

"Dada," alinong'ona Kufuli dirishani. "Dada, usifungue. Mimi Kufuli wa shirikani. Nyamaza. Ni yeye."

Mwanamke hakupiga kelele. Rangi ilimtoka tu, kama maji yanavyotoka kwenye karai. Mlango uligongwa tena.

"Mke wangu," ilisema sauti, laini. "Najua umo. Nimesikia cherehani. Nimekuletea machungwa."

Mshonaji alitembea kwa vidole mpaka kibarazani. Mikono yake ilikuwa ya baridi kiasi kwamba Kufuli aliishika kwa viganja vyote viwili kabla ya kumsukuma apande. Bibi alimpokea upande wa pili kama mtu anayepokea mtoto kutoka mtumbwini. Walipokuwa wote watatu sakafuni kwa bibi, chini ya kamba ya nguo, walisikia kitasa cha mlango wa pili kikizungushwa. Kikazungushwa tena. Kisha pigo zito, la bega.

Pigo la pili halikuja. Zilikuja hatua za miguu mingi kwenye ngazi, na sauti ya Taratibu.

"Vipi, bwana? Umepotea?"

Bibi alifungua mlango wake upana wa kidole, na Kufuli akachungulia. Taratibu alikuwa amepanda na wapakiaji wanne wa mashine ya kusaga. Hawakuwa na silaha yoyote. Walisimama tu, weupe kutoka kichwani mpaka miguuni, macho mekundu, wamejaza korido.

Mwanamume alijipangusa bega.

"Nilikuwa namtafuta mtu," alisema. "Nadhani nimekosea jengo." Aliweka mfuko wa machungwa chini, mbele ya mlango wa pili, kwa uangalifu, yasiviringike. "Mwambieni nilipita. Nitapita tena."

Wakampisha. Walimsikia akishuka ngazi zote, bila haraka.

Mshonaji aliondoka na nyaraka zake na kichwa cha cherehani kilichofungwa ndani ya shuka. Meza yake ilibaki. Bibi alikataa kuondoka. "Mimi nani atanifanya nini kwa umri huu?" alisema, lakini mpakiaji mmoja aliahidi kulala mlangoni kwake wiki nzima, na alilala kweli. Machungwa hakuna aliyeyagusa.

Polisi walichukua maelezo. Mwanamume aliitwa kituoni, akahojiwa, akaachiwa kwa sharti la kutomsogelea mkewe, na Kufuli alijifunza kwamba sharti ni karatasi tu. Siku ya nne wezi walimwaga kurasa zote zilizobaki. Majirani waliripoti wanaume wawili waliogonga milango ya nyumba zilizokwisha kuhamwa. Yule ambaye namba yake haikutumika alipatikana siku ya kumi na moja, kwa mama yake mdogo, mzima. Alikuwa amebadilisha simu tu. Katika zile siku kumi na moja Kufuli alipungua mpaka mama yake akauliza ni nani kati yao mwenye ugonjwa wa moyo.

Aliandika barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi aliisoma, akaikunja mara nne.

"Nikimleta mwingine," alisema, "atakuja na sheria zake nzuri. Atajua kila kitu isipokuwa kuogopa. Wewe sasa unajua ni nini kinachofuata baada ya uzembe mdogo. Kaa."

"Ninaogopa, mama. Kila simu ikiita."

"Ndiyo. Kaa."

Walibadilisha mengi. Anwani hazikurudi tena kwenye kompyuta yenye mtandao. Diski ikichomekwa husimamiwa na watu wawili, na wote wawili hutia sahihi inapochomolewa. Wanawake wanaulizwa kwanza ni nini hawataki kiandikwe, na hakiandikwi. Karatasi tatu zikawa tisa, na ile ya kwanza haizungumzii mafaili hata kidogo; inazungumzia watu, nani afikiwe kwanza iwapo kila kitu kimejulikana.

Miezi mitatu baadaye, Alhamisi moja ya kawaida, mkurugenzi alipita kimya kimya katika kila chumba akichomoa nyaya za mtandao, kisha akasimama katikati ya korido akiwa na saa mkononi.

"Tumevamiwa," alitangaza. "Anzeni."

Lilikuwa zoezi, na wote walijua ni zoezi. Mpishi alizima jiko na kuanza kusoma majina kichwani kwake. Taratibu aliwasha gari. Mshauri alipiga simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufuli alifanya sehemu yake yote bila kukosea hata hatua moja, kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akatapika.

Alinawa uso. Alipotoka, mkurugenzi alikuwa ameinua saa juu.

"Dakika arobaini na moja," alisema. "Si mbaya."

"Ni nyingi," alijibu Kufuli. Alichukua penseli, akaandika arobaini na moja, na chini yake akaorodhesha yaliyokwama: simu ya mpishi haikuwa na salio, na tairi la nyuma la gari lilikuwa na upepo mdogo.